Ngazi Nne za Shimo la Tatu

Mjomba wangu alikuwa na njia yake ya kujua ardhi imeinamia wapi: alilala juu yake. Alivua koti, akalikunja na kuliweka mbali, kwa sababu kichwa kikiinuka hata kidogo kipimo kinaharibika. Kisha alijinyoosha majanini, kichwa kikielekea volkano, akafumba macho. Baada ya dakika kama kumi aligeuka, kichwa kikaelekea ziwa. Kisha mashariki, kisha magharibi. Mara nyingi upande wa nne ulimkuta amesinzia kweli, mdomo wazi, umande ukimpanda kwenye soksi, nami nilikaa pembeni na daftari nikingoja arudi kutoka huko alikokwenda.

"Mama," aliniita siku moja akiwa bado amefumba macho. Mimi ni mtoto wa dada yake, lakini nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwa hiyo tangu nikiwa mchanga nimekuwa mama yake. "Damu inakuja pole pole mu sikio ya kushoto. Andika: inashuka kidogo, kushoto."

Niliandika.

Kazi yake ilikuwa kubuni viwanja vya gofu. Majirani zetu wa Mbugangari, pale Gisenyi, hawakuielewa sawasawa. Wengine walidhani anauza nyasi, na mwenye duka la kona alimwuliza kila baada ya muda kama nyasi za mwaka huu zimekubali. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini alikaa Nairobi katika ofisi ya watu waliobuni viwanja hivyo, na humo ofisini yeye alikuwa fundi wa mifereji. Wengine walichora mpira unakokwenda. Yeye alichora maji yanakokwenda. Kila mvua iliyonyesha juu ya viwanja vile ilipita kwanza kwenye penseli yake, lakini hakuna kiwanja hata kimoja kilichojulikana kuwa ni chake.

Alirudi Gisenyi na magoti yanayouma. Akiwa tayari amezoea kukaa uani akisikiliza redio ya Goma, akaja bwana mmoja mwenye malisho makubwa kule Mudende. Bwana huyo ana nyumba ya wageni ufukweni, na alitaka wageni wake wapate mahali pa kupanda asubuhi, wacheze, washuke kula. Alitaka mashimo tisa, yaani njia tisa za kuchezea, kila moja na shimo lake mwishoni. Mjomba aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni pa chumba changu, hakuingia, kama mtu aliyeshika sahani iliyojaa mchuzi mpaka ukingoni.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mwanza, nilikokulia, nikiwa na wazo la riwaya na karatasi nyeupe nyingi. Miezi ilipita, karatasi zikabaki nyeupe. Aliponiomba nimshikie daftari na upande wa pili wa utepe wa kupimia, nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki mbili, tukapita Kanzenze, tukapanda. Kadiri tulivyopanda, ndivyo ukungu ulivyoshuka kutupokea. Huko juu ng'ombe walitokea vipande vipande: kwanza pembe, kisha pumzi, kisha ng'ombe mzima, mweusi na mtulivu, akitutazama kama sisi ndio tuliotokea. Mashamba ya viazi yalianza palipoishia malisho. Siku zingine ukungu ulipasuka ghafla na tukaliona ziwa chini kabisa, dogo, limelala kati ya vilima kama kitu kilichosahauliwa na mtu atakayerudi kukichukua. Siku hizo mjomba alitembea tu, mikono nyuma, akisimama, akirudi hatua tatu, akisimama tena. Nilijifunza kutembea kama yeye. Nilijifunza kwamba kilima kina sura ya mbele na sura ya upande kama mtu, na kwamba kuna mahali ukisimama kinakugeukia.

Mahali pale palikuwa shimo la tatu.

Lilikuwa shimo fupi. Mchezaji angesimama juu, kwenye makoro, yale mawe meusi ya volkano yaliyoota ukoga, angepiga mpira upite hewani juu ya mteremko mzima, utue chini kwenye zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo, ambazo wenye mchezo huziita grini. Mpira haukutakiwa kuugusa mteremko wenyewe. Mteremko ulikuwa wa kutazamwa tu. Na mimi sijaona tena mteremko kama ule. Ulianza pole pole kwenye makoro, ukavimba, ukazama, ukavimba tena kidogo, ukamalizikia chini bila kukatika, kama mgongo wa mnyama mkubwa aliyelala.

"Hii mi sikuichora," mjomba alisema mara ya kwanza. "Iko tayari. Kazi yangu ni kutoiharibu tu."

Kwa wiki tatu alirudi pale kila siku, hata siku tulizokuwa na kazi kwenye shimo la saba. Alikula chapati yake pale. Aliuchora mstari wa mteremko ule kwenye karatasi, akauchora tena. Nyumbani nilimkuta mezani akiupitishia kidole juu ya karatasi, kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayempapasa paka.

Kisha mwenye ardhi akaja kututembelea Mbugangari. Alikunywa chai, akasifu chai, akasema ataenda kuliona shimo la tatu Jumatatu, si hii ijayo bali ya pili yake, kwa sababu amesikia ndilo lenye ziwa.

"Nikilipenda, naita mashine zianze yote tisa," alisema. "Nisipolipenda, mzee, usinichukie. Nakata malisho viwanja viwanja, najenga nyumba za watu wa Kigali kuja kupumzika. Nyumba hazihitaji kupendwa, zinahitaji kupakwa rangi."

Alicheka, na mjomba alicheka naye. Alipoondoka, mjomba aliosha vikombe yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nifike, na akakiosha kimoja mara mbili.

Zilibaki siku kumi. Alitaka kumwonyesha bwana yule mchoro ulio sahihi hadi kwenye unene wa kidole, na kwa hilo alihitaji kuupima mteremko mstari kwa mstari. Chombo cha kupimia usawa alichoazimwa kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo akakata miti mitatu ya mikaratusi, akaifunga kwa umbo la herufi A, na kuning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Ukisimamisha miguu miwili ya fremu ile mlimani na kamba ikagusa alama ya katikati, basi miguu yote iko usawa mmoja. Unapiga kijiti, unageuza fremu, unatafuta usawa tena, unapiga kijiti kingine. Tulikwenda hivyo kukata upana wote wa kilima, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na kila kijiti nilikifunga kitambaa chekundu nilichokichana kutoka gauni langu la zamani. Ilituchukua siku nne. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa maneno. Kwa mbali, vitambaa vile vilionekana kama mtu ameanza kushona kilima na kukiacha na pini zake.

Siku ya nne, mjomba akiwa juu, mama mmoja alinisimamisha. Shamba lake la viazi lilikuwa chini kabisa ya mteremko, na tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi. Zamani aliuza viazi Goma, akivuka mpaka kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Mukobwa," aliniita, yaani msichana, akiegemea jembe. "Batu ba hapa tunaulizana. We na mujomba yako munapima nini?"

Jibu lilikuwa neno moja. Gofu. Huko Mwanza, kwa marafiki zangu wa kusoma na kuandika, ningelitamka kwa raha na kuongeza hadithi. Lakini pale alikuwa amesimama mwanamke mwenye udongo hadi magotini, nyuma yake matuta aliyoyainua kwa mikono yake, na mimi nilipaswa kumwambia kwamba kilima kizima kilichoko juu ya shamba lake kitatunzwa ili mpira mdogo upite juu yake. Neno lilifika mdomoni likageuka. Nikasema:

"Tunapima maji yanavyoteremka, mama."

Haukuwa uongo mtupu. Katika kupima kilima unapima na maji. Nilijiambia hivyo hata kabla sijamaliza kusema.

Aliliweka jembe chini. "Maji?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu zamani tunaomba," alisema. Sauti yake ilishuka. "Ile maji inatoka ku mulima kama batu ba vita. Mwaka ule ingine ilibeba viazi yote ya mustari tatu. Ilibeba na mbuzi yangu, nilimukuta ku barabara, amekufa." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bon. Mungu aliwatuma."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Niliitikia kwa kichwa tu, nikasema mjomba ananiita, ingawa hakuwa ameniita.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima asubuhi inatoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Mimi na mjomba tulizibua mtaro wa Mbugangari na majirani zetu, mwenye duka akimwuliza kama nyasi hizi za mtaroni nazo zina soko. Baada ya chakula cha mchana tulipanda Mudende kuukagua mteremko mara ya mwisho kabla ya Jumatatu.

Ukungu ulikuwa mzito. Tulisikia kabla ya kuona: sauti za watu wengi waliokaa, kicheko, chuma kikigonga jiwe. Kisha ukungu ulisogea na nikadhani nimekosea kilima.

Mteremko ulikuwa umekatwa ngazi. Ngazi nne, pana, nyeusi, zikifuata mistari yetu minne kutoka upande hadi upande. Pale palipovimba palikuwa bapa. Pale palipozama palikuwa ukuta wa udongo uliopigwapigwa kwa bapa la jembe hadi ukang'aa. Kijiji kizima na kijiji cha jirani yake walikuwa wamekaa kwenye kingo, miguu ikining'inia, majembe yamelazwa kando yao. Hata walioshuka mapema kwenda kula walikuwa wamerudi kutazama. Na vijiti vyetu vyote vilikuwa bado vimesimama, kila kimoja na kitambaa chake chekundu, kwenye mdomo wa kila ngazi.

Nilielewa papo hapo. Hakuna mkulima wa milima ile asiyeijua fremu ya miti mitatu. Kwao ina kazi moja tu: unapigia mistari ya ngazi za kuzuia maji. Walikuwa wameiona ikitembea siku nne juu ya mashamba yao. Walimtuma mmoja wao aulize, na aliyeulizwa alijibu kwamba ni habari ya maji.

Mkuu wa kijiji alikuja akijifuta mikono, akamwita mjomba injeniyeri. Alisema wameona sisi tuko wawili tu, mzee na msichana, na kazi ingetuchukua mwaka.

Mama wa viazi alikuwa nyuma yake. "Tumefuata vijiti yako yote," alimwambia mjomba. "Hata moja hatukuvuka."

Nilimtazama mjomba. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani, akageukia wale watu wote waliokaa juu ya kingo.

"Murakoze cyane," aliwashukuru. "Ni kazi muzuri. Iko sawa kabisa."

Alipita akiwashika mikono mmoja mmoja, na ilichukua muda mrefu.

Walipokwisha kushuka tulikaa kwenye makoro ya juu, pale ambapo mchezaji angesimama. Hakulia, hakutukana. Alikuwa akiipitishia kidole hewani ile njia ya zamani ya mteremko, juu hadi chini, na kidole kilikwama kila mahali.

"Sijui nani aliwaambia ni ya maji," alisema mwishowe.

"Ni mimi," nilisema.

Nilimweleza yote, na kuhusu aibu pia. Nilimweleza vibaya, nikirudia rudia.

"Gofu," alisema. "Silabi mbili. We mwandishi, silabi mbili zilikushinda?"

"Zilinishinda."

"Na mi nilikuwa nawaambia batu nyumbani, huyu mutoto wa dada yangu anaandika kitabu." Alivaa kofia yake. "Kumbe anaandika kimya."

Alikuwa akinitania, lakini alipoanza kushuka mguu wake uliutafuta mteremko wa zamani, ukaukosa, na sikujua kama nimshike au nisimshike.

Jumapili baada ya kanisa alisema anataka kupanda. Nilimwuliza kufanya nini. Alisema anataka kuona jicho litaona nini likisimama chini. Tulifika mahali pa grini na bado alikuwa na suti yake ya ibada. Nilidhani atalala kama kawaida yake, lakini alisimama tu. Kutoka pale chini ngazi zilionekana kama mawimbi manne yaliyoganda yakija kwetu, na vitambaa vyekundu juu yake kama mapovu yaliyokosea rangi. Sikusema hivyo. Nilikuwa nimejifunza kidogo kuhusu kusema.

Mvua ilianza kwa matone manene. Tulikimbilia kwenye kibanda cha mama wa viazi, anakohifadhi mbegu, tukasimama chini ya bati na harufu ya viazi vilivyoanza kuchipua nyuma yetu. Kisha ikanyesha kweli. Mvua ya Mudende haina mwanzo na mwisho wa matone. Inashuka nzima nzima. Kule juu kwenye makoro niliyaona maji yakitokea, ya rangi ya kahawa, yakijikusanya kwa haraka kama watu wanaokimbilia basi. Yalifika kwenye ngazi ya kwanza.

Yakasimama.

Yalitandaa upana wote wa ngazi na kung'aa, na muda mrefu hayakufanya kitu kingine ila kung'aa. Kisha sehemu yake ikavuka kwenda ngazi ya pili, na ile nayo ikatandaa. Ya tatu ilipata kidogo. Ya nne ilipata mvua yake yenyewe tu. Udongo mweusi wa volkano uliyanywa taratibu, na mbele yetu mahali pa grini palikuwa na majani yaliyolowa, basi. Hakukuwa na mto.

Nilimgeukia mjomba. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Mi nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mjomba?"

"Maji ingebeba grini. Mvua mbili, tatu, inaisha, inaenda mu viazi ya ule mama." Alizungumza akitazama ngazi. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Dawa yake ni kukata mulima, mufereji hapa, mufereji pale. Miaka yote kule Nairobi nilikuwa nawaambia wakubwa, kata hapa, mupitishe maji. Walikasirika. Walisema, huyu mutu wa mitaro haoni uzuri. Nikawaza, siku moja nitakuwa na mustari yangu." Mvua ilipiga bati. "Nikaipata. Nikafanya sawa na wao. Kwenye karatasi ya shimo ya tatu hakuna hata mufereji moja, mama. Mimi. Hakuna hata moja."

Kiazi kimoja kilibingirika kutoka kwenye rundo kikanigusa kisigino. Tulibaki pale hadi mvua ikakonda, na ziwa likatokea kwa mbali, jeupe kama bamba la bati, likapotea tena.

Jumatatu asubuhi, tukingoja gari la mwenye ardhi, nilimpa wazo. Nilikuwa nimelifikiri njia nzima.

"Mjomba, mwambie ngazi ni mpango wako. Ni nzuri. Atakuamini."

"Bado unamaliza kitabu yako ya kimya?" aliniuliza.

Bwana alikuja na viatu vinavyong'aa. Alisimama kwenye makoro, akatazama chini, akahesabu ngazi kwa kidole.

"Nani amekata kilima changu?"

"Majirani," alisema mjomba. "Jumamosi, ku umuganda. Walifikiri ni ngazi za maji."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi," nilisema. "Niliona aibu kusema ni ya mchezo."

Bwana alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuniweka, akakosa. Akamgeukia mjomba. "Wewe ulinionyesha kwenye karatasi mteremko mmoja, laini. Mimi nimewaambia watu."

"Nilikuonyesha uongo," mjomba alisema. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Ule muteremuko ungeleta maji yote juu ya grini. Nilijua, nikanyamaza, sababu niliupenda. Hawa batu wameniokoa bila kujua. Jana mvua imenyesha, twende nikuonyeshe."

Alishuka mbele, magoti yakimsumbua. Bwana alisita, kisha akafuata, na viatu vyake vikabeba udongo ngazi kwa ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza bado palikuwa na ganda la tope jembamba lililopasukapasuka kama kigae. Ya pili, ganda jembamba zaidi. Chini kabisa, mjomba alimwambia akanyage mahali pa grini. Alikanyaga. Palikuwa pamekauka vizuri.

"Na nikijenga nyumba?" bwana aliuliza. "Bila hizi ngazi. Maji yangefanyaje?"

"Ingeingia kwa mulango ya nyuma, ikatoka kwa ya mbele. Watu wa Kigali wangepumuzika wakielea."

Bwana alikaza mdomo asicheke, akashindwa. Alikaa kitako kwenye ukingo wa ngazi ya nne, suruali nzuri na yote, akatazama juu. Mjomba alibaki amesimama. Nilimwona akishika mshono wa suruali yake kwa vidole viwili, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, na nikafahamu kwamba miaka yote thelathini ilikuwa imesimama pale pamoja naye.

"Si kile nilichowaza," bwana alisema baadaye sana. "Nilitaka kitu jicho liteleze." Alichukua donge la udongo, akalivunja. "Lakini hapa jicho linapanda. Sijui. Linapanda kama mtu." Alinyanyuka na kujipangusa. "Chora upya. Weka na ngazi, weka maji yote, hata tone. Ukinipa karatasi ya kweli, naita mashine. Na hao watu wasiguse tena kitu bila kuniuliza."

"Utawaomba we mwenyewe wasiguse," mjomba alisema. "Mi nimeshawashukuru."

Jioni ile nilimkuta mezani na karatasi ya zamani ya shimo la tatu. Aliniomba nifute mstari wa mteremko. Alisema mkono wake umechoka. Nilifuta kuanzia chini kwenda juu, na alikuwa amegeukia dirisha muda wote, akinisimulia jambo lisilohusika kabisa, juu ya kinyozi wake wa Nairobi. Kwenye karatasi palibaki alama hafifu, kwa sababu alikuwa ameuchora mara nyingi mno.

Jumanne tulipanda kupima ngazi. Mama wa viazi alikuja bila kuitwa, akachukua mwisho wa utepe kutoka mkononi mwangu kwa sababu, alisema, ninaulegeza. Mjomba alikuwa juu na daftari. Tulikuwa tumebadilishana kazi. Mimi na mama wa viazi tulitembea kwenye ngazi ya pili, udongo laini ukitumeza hadi vifundoni.

"Mama," nilisema. "Ile siku sikukuambia vizuri. Hapa patakuwa na mchezo. Unaitwa gofu."

"Muchezo." Hakusimama. "Ya batoto?"

"Wa watu wazima. Wanasimama kule juu kwenye makoro, wanapiga mpira mdogo kwa fimbo, uingie kwenye shimo kule chini, karibu na shamba lako."

Alitazama juu, akatazama chini, akapima kwa macho. "Na nani anashinda?"

"Anayepiga mara chache zaidi."

Alilifikiria hilo kwa hatua kadhaa.

"Donc mwenye kufanya kazi kidogo ndiye anashinda," alisema.

"Ndiyo."

"Aa. Basi ni muchezo ya bakubwa kabisa." Alicheka hadi utepe ukatikisika, na mimi nikacheka naye, na aibu yangu ikatoka kwa njia ile ile ya kicheko. Kisha akauvuta utepe ukakaza, akaukandamiza kwa kidole gumba kwenye kijiti cha mwisho.

"Na ku hii ngazi munapanda nini? Musiache udongo wazi, itaanguka."

"Sijui. Muulize injeniyeri."

"Urubingo," alijijibu mwenyewe, akimaanisha yale majani marefu ya ng'ombe. "Ku kingo yote. Inashika udongo, na sisi tunakata kwa ng'ombe. Muwaambie hao bakubwa bapige mupira yabo juu juu."

Kule juu mjomba aliita kutaka kujua mita ngapi. Nilikuwa bado natafuta namba kwenye utepe. Mama wa viazi alishaisoma, na akaipaza kwa sauti ya mtu aliyewahi kuuza viazi sokoni Goma: thelathini na moja na nusu. Mjomba aliirudia, akaiandika.